Mikono ya Hospitali

Aabo Ifrah,

Kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko ya wastani, nawatangazia wakazi wote wa nyumba hii ya Bulla Iftin, wanaobaki na wanaoondoka, kwamba leo mara baada ya sala ya adhuhuri yule mbuzi wenu mnayemwita Mheshimiwa aliingia barazani bila kupiga hodi, akala hotuba yangu ya kuwaaga. Alianzia ukurasa wa pili. Ule wa kwanza aliunusa, akanitazama, akauacha. Nami niliyefundisha Kiswahili miaka ishirini na mitatu nimeumizwa na dharau hiyo kuliko hasara yenyewe. Marehemu hotuba ameacha salamu za ufunguzi na aya moja juu ya subira. Mama yako alipoona mabaki alisema, "Mbuzi ana akili kuliko watu," akaendelea kukunja nguo zako.

Kwa hiyo sina hotuba. Ninyi mmetoka, wewe na mumeo Abdinasir na mama yako, kwenda kuwaaga jamaa, nami nimeachiwa boma lenu: mbuzi wawili yatima, mtoto wa punda mwenye mguu mbovu, na kondoo ambaye hakuna anayekumbuka aliletwa na nani. Kalamu ninayo, karatasi nimezikalia ili zisiliwe, na nina muda mpaka magharibi. Kesho baada ya alfajiri pikapu itawachukua nyote, wenye miguu miwili na wenye minne, hadi Wajir, anakokwenda kusoma Abdinasir.

Sitakuambia habari za maji ya chumvi ya huko, wala za kufunika vyakula, wala za kumpigia mama simu kila Ijumaa. Hayo ameshayasema mara tatu na atayasema tena dirishani gari likiwa linaondoka. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia, nalo ni baya, na aliyelifanya ni mimi.

Nakuandikia kwa Kiswahili, najua utacheka. Katika nyumba hii Kiswahili ni cha shule na cha kumkemea Mheshimiwa. Lakini Kisomali changu kimezoea kupamba. Nikianza tu nitakuwa nimeingiza mzaha, na wewe utakuwa umecheka kabla sijafika penyewe. Tena uongo ninaotaka kukueleza niliusema kwa Kisomali. Kwa Kiswahili sijawahi kuusema, naona hapa pana nafasi safi kidogo. Hata hivyo nitakuita Aabo, kama unavyoniita mimi. Yule mwalimu mwenzangu wa Machakos bado hajaelewa kwa nini namwita binti yangu baba. Nilimwambia kwetu mzazi na mtoto hurudishiana jina. Akasema, basi hamtajua nani kamzaa nani. Kuna siku, nikiwatazama wewe na mumeo mnavyofanya kazi, namkubalia.

Maana nimewatazama. Mwaka mzima mmeishi katika kile chumba cha nyuma, yeye anatengeneza simu sokoni asubuhi, jioni anajisomea magonjwa ya mifugo kwa sauti huku chupa ya maziwa iko mkononi. Wewe unaimba na watoto wa chekechea mpaka saa sita, unarudi, unavua viatu, unaanza kuchemsha maziwa kabla hujavua buibui. Wafugaji wanaopita mjini wameshajua. Ukame ukiua mama, mtoto huletwa langoni kwetu. "Ni hapa kwa wale vijana wanaolea?" wanauliza, nami hujibu, "Ni hapa, hata mimi wananilea." Nimemsikia Abdinasir akimsomea mtoto wa punda maelezo ya minyoo. Punda alionekana kuelewa.

Sasa sababu ya barua hii. Juma lililopita uliniletea karatasi. Nafasi yako ya uuguzi kule Wajir, ile uliyoingojea kama watu wanavyongoja mvua, unatakiwa uripoti Jumatatu. Nawe ukaja na barua ya kuikataa. "Aabo, nisahihishie Kiswahili, isije ikachekwa ofisini." Nilipouliza kwa nini si kwa Kiingereza ulisema Kiingereza kina maneno mengi mno ya kusikitika. Uliandika: "Siwezi kujiunga kwa sababu mifugo hizi zinahitaji mtu nyumbani." Nikachukua kalamu nyekundu. Nikasahihisha: mifugo hii inahitaji. Nikakurudishia.

Hukuondoka. Ulisimama pale kama mtu aliyebisha hodi akasikia nyayo ndani. Halafu ukajijibu mwenyewe: "Abdinasir asome kwanza. Tukisoma wote wawili hawa watakufa. Mimi sitaki kuitwa mikono ya hospitali kama hooyo."

Nikasema, "Haye."

Hilo haye, yaani sawa, ndilo linaloniandikisha barua hii.

Hadithi ya hooyo wako na mikono ya hospitali umelelewa nayo, sina haja ya kukusimulia, lakini nitaiandika mara moja ili tuitazame wote wawili. Kwamba mama yako alipokuwa bado bibi harusi alisomea uuguzi hapa Garissa. Kwamba awoowe Yusuf, baba yake, alimletea ndama yatima wa ngamia amlee, ndama wa mwisho wa uzao wa yule ngamia aliyepewa yeye Halima siku kitovu chake kilipokatwa. Kwamba ngamia jike aliyekuwa akimnyonyesha ndama huyo alimkataa ghafla, kwa sababu Halima alitoka wadini akamshika kwa mikono inayonuka dawa. Ndama akafa, uzao ukakatika, Halima akaacha chuo. Shangazi zako huisimulia arusini huku wakicheka, naye hucheka pamoja nao. Akipewa mtoto mchanga ambebe, lazima mmoja aseme, "Naa Halima, mikono hiyo imetoka wapi?"

Hadithi hiyo, Aabo, ni ya kweli mpaka inapofika kwenye mikono. Hapo pa mikono niliweka mimi. Nitakueleza nilivyoweka, ila niache nizunguke kidogo kwanza. Mtu akienda kung'olewa jino huuliza habari za watoto wa daktari.

Mama yako umemwona langoni pa boma. Umemwona maisha yako yote, na huenda ndiyo maana hukuwahi kumtazama. Husugua mikono kwa majivu hadi viwiko, husuuza, na kabla ya kugusa komeo huinua vidole puani na kuvinusa, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayesoma. Akiridhika anaingia. Siku nyingine haridhiki, anarudia majivu. Ulipokuwa na miaka mitano ulimuiga. Ulifika langoni, ukanusa vidole vyako vyote kumi, ukatikisa kichwa kama mtu mzima, ukaingia kwa mbuzi. Mama yako alicheka, "Mtazameni huyu." Mimi nilikuwa hapa hapa barazani na kikombe cha chai. Nikainuka nikaingia ndani, nikajifanya natafuta miwani, nayo ilikuwa usoni.

Tena kuna sauti. Yule ngamia jike alilia siku tisa baada ya ndama kufa. Wasiomjua ngamia hudhani analia kama ng'ombe. Sauti yake inaanzia tumboni, inakwaruza njia nzima, inakatika kabla haijamalizika, kama swali. Darasa la nne wakivuta madawati juu ya sakafu ya saruji, naisikia. Nimewafundisha wayanyanyue, wawili wawili, wasiyavute. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya wazazi kwamba darasa langu lina nidhamu kuliko yote.

Lakini nisikuachie hayo tu, maana kuna kitu ambacho hujawahi kusimuliwa na mtu yeyote. Hujawahi kusimuliwa yale majuma matano ya kabla.

Tulikuwa na vyumba viwili vya kupanga karibu na soko la mifugo, na ua wenye mti mmoja wa miiba. Mama yako alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na alasiri nilimwandikia barua kila aliyetaka kuandikiwa, ndiyo kazi iliyotulisha. Ratiba tuliichora kwa chaki nyuma ya mlango: nani wadini, nani darasani, nani kwa ndama. Tulipishana mlangoni, yeye anavua sare, mimi navaa shati. Ananikabidhi chupa ya maji ya ndama, namkabidhi daftari lake la mifupa. Nilimhoji huku nimemkumbatia ndama shingoni.

"Huu ni mfupa gani?"

"Sogeza kidole nione."

"Nimesogeza."

"Huo ni wino, Bwana Harusi. Umedondosha wino kwenye goti la watu."

Alicheka mpaka ndama akashtuka. Mzee wa duka la mbele alikuwa akituona tunavyokimbizana, siku moja akauliza, "Nyinyi mnasoma au mnafuga?" Mama yako akamjibu, "Mzee, tunafuga vitabu, ngamia ndiye tunayemsomesha." Mimba yako ilikuwa bado, lakini nafikiri wewe ulianza kutengenezwa katika kicheko kile.

Ndama alinawiri. Mama yako alifaulu kila jaribio. Mimi shati langu lilikuwa moja na sikumbuki kulitamani la pili. Ilikuwa inawezekana, Aabo. Ilikuwa ngumu, tulisinzia mezani, siku moja nilimfundisha ndama nahau nikawapa darasa la tano maji. Lakini ilikuwa inawezekana, na tulikuwa tukiiweza. Wanapokuambia mwanamke hawezi kushika kitabu na mnyama kwa pamoja, ushahidi wanaoutoa ni wa nyumba yangu. Ushahidi huo niliughushi mimi. Sikuamrishi uripoti Jumatatu. Wewe ni mtu mzima na una mume na una punda. Ukitaka kuikataa nafasi hiyo, ikatae kwa sababu zako. Usiikatae kwa sababu ya mikono ya mama yako, maana jambo hilo halikutokea.

Kuhusu Abdinasir. Ni kijana mwema kuliko nilivyokuwa mimi, na kwa harufu ya mbuzi hana unafiki. Lakini siku moja jambo litawaharibikia. Litaharibika tu, mnalea viumbe waliokwisha kufiwa mara moja, na wengine hufika kwenu wakiwa wameshaamua kufa. Siku hiyo mmoja wenu akitoa maelezo upesi mno, yaliyonyooka mno, mwingine amwambie arudie polepole. Mimi nilijibu upesi. Ningepewa muda wa kumeza mate labda ningesema kweli. Ndivyo ninavyopenda kuamini, najipendelea. Na usifikiri nakuonya juu yake peke yake. Wewe umetoka kwangu, una ulimi wangu. Nimekusikia ukimwambia Abdinasir kwamba chupa ilivunjwa na kondoo.

Haya. Ilikuwa hivi.

Yule ngamia jike alikuwa amefiwa na mwanawe njiani, wakitoka upande wa Dagahaley. Awoowe alimchuna mtoto huyo akaja na ngozi. Ndama wetu yatima akafungwa ngozi ile mgongoni, ili ngamia akimnusa amdhani ni wake na aachie maziwa. Wewe umeyaona hayo kwa wafugaji tangu utoto. Mimi nilikuwa sijayaona. Nilikuwa mtoto wa mjini, ngamia nilimfahamu kutoka ndani ya chai. Awoowe alinionyesha kila fundo. Halafu akasema, na Halima hakuwepo, aliniambia mimi peke yangu: "Mwalimu, maji yasiguse ngozi hii. Macho ya ngamia hayana kazi hapa. Mwanawe anamjua kwa pua."

"Nimesikia, adeer," nikajibu, kwa sauti ya mkwe mwema.

Ngozi mbichi katika joto la Garissa unajua inavyokuwa. Shati langu liliangikwa karibu nayo. Darasani watoto wakaanza kuziba pua, na katika juma la tano mmoja akanyoosha mkono akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, leo umekuja na ngamia. Iko wabi?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wao, maana tangu zamani nimependa kuwahi kucheka kabla sijachekwa. Wakaniita Mwalimu Ngozi. Ningeweza kuishi na hilo. Lakini Jumatano mkufunzi aliyekuja kunipima kazi aliketi nyuma, akatoa leso, akaandika kitu. Kipindi kilipokwisha akasema, "Unafundisha vizuri sana. Nitarudi Ijumaa. Ijumaa uje umeoga."

Nilikuwa nimeoga.

Alhamisi mama yako alikuwa wadini tangu asubuhi. Nilirudi mapema. Nikafungua mafundo, nikaitia ngozi kwenye beseni, nikamwaga sabuni ya unga ile ya kufulia, nikasugua. Nilikumbuka maneno ya awoowe. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba niliyasahau. Niliyakumbuka neno kwa neno, na nikajiambia wazee hupenda kutisha, umbo ni lile lile, rangi ni ile ile, ngamia atajua nini. Nikaisuuza kwa maji mara tatu. Jua likaikausha upesi. Nikaifunga tena mgongoni mwa ndama, mafundo yale yale, nikajiona mtu mwenye elimu.

Jioni ngamia akaletwa. Akamnusa ndama mara moja, akanyamaza. Akamnusa tena, polepole, toka mkiani mpaka shingoni, anamtafuta. Ndama alikuwa anatafuta chuchu, hana habari. Ngamia akampiga teke la ubavu.

Mama yako alirudi akamkuta ndama amelala. "Kumetokea nini?" akauliza. Nikasema, "Sijui. Ngamia amechoka labda." Akapiga magoti pale vumbini na sare yake nyeupe, akamshika, akainama juu ya ngozi, akakaa hivyo muda mrefu. Siku tatu tulimpa maziwa ya mbuzi kwa chupa. Ijumaa mkufunzi alirudi, akanipa alama nzuri. Jumapili asubuhi ndama akafa. Nilimzika mwenyewe kabla mama yako hajarudi kutoka zamu, nikamzika pamoja na ngozi. Nikamwambia ni kwa heshima.

Jumanne awoowe akaja. Mama yako alikuwa chuoni. Mzee hakuketi. Alizunguka ua mara moja, akamgusa ngamia shingoni, akarudi kwangu.

"Ngozi iko wapi?"

"Nimeizika naye."

"Nani aliigusa?"

Nilimwogopa mzee yule, Aabo. Alinipa binti yake, nami sikuwa na ngamia hata wa kuchora ubaoni. Nikasema, "Halima hutoka hospitali moja kwa moja, adeer. Mikono yake inanuka dawa." Sentensi mbili. Ukizitenganisha, kila moja ni kweli: alitoka hospitali moja kwa moja, na mikono ilinuka dawa. Uongo ulikuwa pale katikati, nilipovuta pumzi.

Mama yako aliporudi alasiri, baba yake alikuwa anamngoja mlangoni. Hakumfokea. Alisema, "Halima, hospitali ina wauguzi wengi. Ndama huyu alikuwa mmoja." Akamweleza kuhusu mikono. Mama yako akaitazama mikono yake, juu, kisha viganja. Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakitazama kikombe.

Jumatatu iliyofuata hakwenda chuo. Barua ya kuacha nilimwandikia mimi, wala haikuwa na kosa hata moja. Awoowe amefariki akiamini hivyo, kwake sina njia ya kurudi.

Siku ile uliyoniletea barua yako nikaisahihisha, ulipotoka nilimfuata mama yako jikoni nikamwambia. Nilimwambia vibaya, nimesimama, naangalia sufuria. Alikuwa anakata vitunguu, akaendelea kukata mpaka nikafika mwisho. Akauliza kitu kimoja.

"Sabuni gani?"

"Ya unga. Ya kufulia."

"Ile iliyokuwa na malimau."

"Ndiyo."

Akaweka kisu chini. "Nilinusa malimau," akasema. "Alhamisi ile, nilipoinama. Nikajiuliza, malimau yametoka wapi. Halafu baba akasema ni mimi, na wewe umesimama pale. Nikaona pua yangu ndiyo iliyokosea."

Nikafungua mdomo. Nadhani lililokuwa linakuja lilikuwa la kuchekesha, Mungu anisamehe. Akainua mkono. "Ifrah usimwambie kwa mdomo. Kwa mdomo utamchekesha, na atakusamehe kabla hajaelewa. Mwandikie." Nikakaa siku sita nikiandika hotuba juu ya subira.

Hajanifokea. Chakula ananipa, salamu anaitikia. Lakini tangu siku hiyo haniiti Baba Ifrah. Ananiita Mwalimu, kama wazazi wanaokuja kuuliza matokeo. Sijamwomba msamaha kwa haraka, nimeona haraka imeshatutosha katika nyumba hii.

Jambo moja tu ameliongeza, juzi, akiwa amenipa mgongo anachochea moto. Kwamba siku aliyokuja awoowe, mchana wake, matokeo ya muhula yalikuwa yamebandikwa ukutani pale chuoni. Alikuwa wa kwanza kati ya wote. Alitoka pale akatembea haraka mpaka nyumbani, jua kali, ili anieleze mimi kabla sijatoka kwenda msikitini. Akamkuta baba yake mlangoni, akaona si wakati wake, akanyamaza.

Miaka ishirini na minne, Aabo, tumekula sahani moja, na sikuwahi kumuuliza alikuwa wa ngapi.

Aabo wako